Mishale mitatu ya akina Mōri: kweli au stori tu? Na mbona ndugu wa baba mmoja wana ubini tofauti?

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wadogo zangu tunacheza gemu ya vita vya Japani ya zamani, humo kuna mzee anaitwa Mōri Motonari. Wanawe watatu wakubwa kila mmoja ana jina lake la ukoo: Mōri Takamoto, Kikkawa Motoharu na Kobayakawa Takakage. Mdogo wangu anasema hao wawili ni watoto wa nje ndo maana hawakupewa jina la baba. Ni kweli? Afu kuna ile hadithi mzee anakaribia kufa, anawapa wanawe mshale mmoja mmoja wanauvunja, akiwapa mitatu kwa pamoja wanashindwa. Nataka niisimulie kwenye kikao cha ukoo Desemba, maana tangu mzee wetu afariki kuna shamba na nyumba vinatugombanisha, na sisi tupo wa mama wawili. Sitaki nisimame mbele za watu niongee uongo. Na yule Kobayakawa aliyewasaliti wenzake kwenye vita vya Sekigahara ni mjukuu wa huyo mzee? Kama ndo yeye, mbona mishale haikusaidia?"

Marahaba mwanangu. Kwanza pole na msiba wa mzee, na pole na hayo ya shamba. Umeuliza kitu ambacho hata watu waliosoma hiyo historia miaka mingi wanakichanganya, na nimeona nikijibu nusunusu nitakuharibia kikao, kwa hiyo vumilia, jibu ni refu, jimiminie chai.

Nikikuelewa vizuri una mambo mawili. La kwanza ni la gemu, hawa watu ni ndugu au sio ndugu. La pili ndo lenye uzito, kama hadithi yenyewe inafaa kusimuliwa mbele ya watu ambao tayari wana vidonda. Naanza na la kwanza maana bila hilo la pili halieleweki.

Hapana, hawakuwa watoto wa nje. Takamoto alizaliwa 1523, Motoharu 1530, Takakage 1533, wote tumbo moja, na mama yao ndo mke mkubwa wa Motonari, tunamjua kwa jina la Myōkyū, binti wa ukoo wa Kikkawa (shika hilo jina, tutalirudia). Yaani mambo yako kinyume kabisa na anavyosema mdogo wako: waliopelekwa kuchukua majina ya koo nyingine ni hao hao watoto wa mke mkubwa, wale aliowaamini kuliko wote. Na kabla sijaendelea, hilo jina linatamkwa Moori, o ya kuvuta, sio mori ule wa kupandwa nao, ingawa huo nao walikuwa nao wa kutosha.

Tunachokosea ni kulisoma jina la kijapani kwa macho ya kwetu. Kwetu ubini ni damu. Mtoto anaitwa kwa baba yake, na ukimlea mtoto wa mwenzio, hasa sisi Waislamu, hata umpende vipi humbadilishi ubini, atabaki bin fulani mpaka kaburini. Japani ya masamurai jina la ukoo lilikuwa mali ya nyumba. Wao wanaita ie. Na nyumba hapo sio tofali na bati, ifikirie kama kiti: kina ardhi yake, ngome yake, wapiganaji wake, makaburi yake ya kuombewa, na utumishi kinaodaiwa na bwana aliye juu. Kiti hicho hakitakiwi kubaki wazi. Mwenyewe akifa hana mtoto wa kiume anatafutwa mtu, anaweza kuwa mpwa, mkwe, mdogo mtu, hata mtu baki, anaasiliwa, anavaa jina la pale, na kuanzia siku hiyo mababu wa pale ndo mababu zake. Damu ilihesabika, ila kiti kilihesabika zaidi.

Nikupe mfano wa kukuchanganya kabisa. Huyo Takakage hakujaliwa mtoto, basi akamchukua mdogo wake wa mwisho, Hidekane, aliyezaliwa 1567 wakati Motonari ana miaka kama 70, akamfanya mwanawe. Ndugu wa baba mmoja, halafu mmoja ni baba wa mwenzie! Ukiona kwenye gemu wamechora mti wa familia mistari inapishana kama nyaya za umeme uswahilini, sio kosa la mchoraji.

Sasa huyu Motonari mwenyewe kiti cha Mōri hakikuwa chake. Alizaliwa 1497, mtoto wa pili, huko milimani katika jimbo la Aki, ambalo leo ni sehemu ya mkoa wa Hiroshima. Mama alifariki yeye mdogo, baba akafuata 1506, na mtu wa nyumbani kwao aliyetakiwa kumtunza akamnyang'anya kile kiardhi alichoachiwa. Aliyemlea ni mama wa kambo, mke mdogo wa baba yake, mwanamke ambaye angeweza kuolewa kwingine akaondoka zake lakini alibaki na mtoto asiye wake, na Motonari alimtaja kwa shukrani hadi uzeeni. Kaka yake mkubwa akafa 1516, mtoto wa kaka naye akafa 1523 akiwa na miaka kama 9, ndipo wazee wa ukoo wakamwita Motonari akalie kiti. Mwaka uliofuata mdogo wake wa mama mwingine akataka kukipindua, akauawa. Babu, baba na kaka wote walikufa mapema, na Motonari aliona chanzo ni pombe, kwa hiyo yeye aliikwepa na kwenye barua zake anaionya familia juu ya sake kama mama anavyomwonya mtoto wa kidato cha pili.

Na ukoo wenyewe ulikuwa mdogo tu, mmoja kati ya wenye ardhi wengi wa Aki, umebanwa katikati ya mafahali wawili, Ōuchi wa Yamaguchi upande wa magharibi na Amago wa Izumo upande wa kaskazini. Mwaka 1537 ilibidi ampeleke mtoto wa kwanza, Takamoto, akae Yamaguchi kama rehani kwa Ōuchi. Hicho ndo kipimo cha unyonge wao, mtoto unamweka bondi. Na nyasi zenyewe unazijua, fahali wawili wakipigana.

Alichofanya Motonari ni kutumia huo utaratibu wa kuasili kama silaha. Tawi moja la ukoo wa Kobayakawa, wale wa Takehara pwani, bwana wao alifariki bila mrithi, basi 1544 Takakage akiwa bado mtoto akaingizwa pale. Hiyo ilikuwa safi, wenyewe walihitaji mtu. Lakini baada ya miaka kadhaa akachukua na tawi kubwa la Kobayakawa, la Numata, ambako bwana kijana alikuwa amepofuka macho. Alistaafishwa, Takakage akaoa dada yake, na matawi mawili yakawa nyumba moja. Wazee wa pale waliopinga hawakuishi kusimulia. Kobayakawa walikuwa watu wa bahari, wana merikebu na mabaharia wao, kwa hiyo ukoo wa milimani ukajikuta una pwani.

Kwa Kikkawa ndo hadithi chafu zaidi. Nilikwambia mama yao ni wa huko, kwa hiyo Motoharu alikuwa anaingia ujombani. Bwana wa Kikkawa, Okitsune, mtoto wa mjomba wake kabisa, alikuwa hai na ana mtoto wa kiume. Lakini mwaka 1547, kwa shinikizo la wazee wa ukoo ambao Motonari alishaongea nao, alilazimishwa kumwasili Motoharu kisha ajiuzulu. Aliahidiwa kwamba yeye na mwanae watakuwa salama. Mwaka 1550 wote wawili waliuawa, na amri ilitoka kwa Motonari. Tunasemaga mgeni njoo mwenyeji apone. Pale mgeni alikuja na mwenyeji akafa.

Kwa hiyo ukiona Kikkawa Motoharu na Kobayakawa Takakage usione watoto waliofukuzwa, ona mikono miwili ya baba imeingia kwenye nyumba za watu. Wajapani wana jina la kuwaita hao wawili, Mito Miwili, sababu herufi ya mwisho ya Kikkawa na ya Kobayakawa ni ile ile ya "kawa", mto. Mōri ndo shina, mito inalizunguka.

Kuhusu majina ya kwanza kubadilikabadilika, nitapita haraka. Mtoto alikuwa na jina la utotoni (Takakage aliitwa Tokujumaru), akifikia utu uzima anapewa jina jipya lenye vipande viwili, kimoja cha ukoo na kingine mara nyingi kinatolewa na mkubwa kama heshima. Kipande cha ukoo wa Mōri ni "moto", wanakirudisha hadi kwa babu yao Ōe no Hiromoto, karani mkubwa wa serikali ya Kamakura aliyefariki 1225. Sasa angalia. Takamoto: taka ni ya bwana Ōuchi Yoshitaka, moto ya kwao. Mwanae Terumoto: teru ni ya shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani) Ashikaga Yoshiteru, moto ya kwao. Motoharu kaenda Kikkawa lakini kabaki na moto. Takakage: taka ya Ōuchi, kage ya Kobayakawa wa Takehara. Yaani yule ambaye wengi tunamwona ndiye aliyeibeba Mōri mgongoni kuliko ndugu zake wote, ndani ya jina lake hakuna hata herufi moja ya Mōri. Hilo huwa linanifurahisha sana.

Haya, mishale.

Motonari alifariki 1571. Takamoto, mtoto wa kwanza, alifariki 1563, ghafla, baada ya kukaribishwa karamu njiani akielekea vitani, na baba aliamini kawekewa sumu. Miaka 8 kabla ya baba! Kwa hiyo kitandani kwa mzee anayekata roho wale watatu hawangeweza kukaa pamoja hata iweje. Motoharu naye wakati huo alikuwa vitani Izumo. Aliyebaki ni Takakage, mtu mzima anayekaribia miaka 40, bwana wa merikebu, na wewe niambie unampaje mtu huyo mshale umfundishe umoja ni nguvu.

Hadithi yenyewe ni ya kusafiri. Kumbukumbu za kale za China zina mtawala wa watu wa Tuyuhun aliyekuwa na wana 20, anafanya mchezo huo huo wa mishale, Wagiriki wanayo ya fimbo, na sisi shuleni tumesimuliwa ya mzigo wa kuni. Japani ilimwangukia Motonari kwa sababu alikuwa na wana watatu maarufu, na vitabu vya shule vikaisambaza. Leo imekaa kabisa: klabu ya mpira ya huko inaitwa Sanfrecce Hiroshima, "san" ni tatu kwa kijapani na "frecce" ni mishale kwa kiitaliano, wamebeba ubingwa wa ligi 2012, 2013 na 2015. Nilipopanda Yoshida, penye magofu ya ngome yake, nilikuta kabisa jiwe la kumbukumbu la mafunzo ya mishale mitatu, watu wanapiga picha. Na usije ukaambiwa zile nyota tatu chini ya mstari kwenye nembo ya Mōri ni wale wana watatu, nembo hiyo ni ya kale kuliko wao, koo nyingine za uzao wa Ōe nazo zinayo.

Ila sasa hapa ndo utamu. Hadithi haikuota hewani. Chini yake kuna barua ya kweli, ipo mpaka leo, inatunzwa kwenye makumbusho ya ukoo wa Mōri mjini Hōfu, mkoa wa Yamaguchi. Tarehe ni ya 25 mwezi wa 11 mwaka 1557 kwa kalenda yao. Miaka miwili kabla, 1555, Motonari alikuwa amevuka bahari usiku wa dhoruba hadi kisiwa cha Itsukushima, kile chenye lango jekundu linalosimama majini, na kulivunja jeshi la Sue Harukata lililomzidi mbali kwa wingi. Sue ndiye aliyempindua bwana wake Ōuchi, kwa hiyo baada ya hapo nchi yote ya Ōuchi ikawa inaiva, na hiyo 1557 Motonari akaimaliza kuimeza. Yaani anaandika akiwa kileleni, miaka 60 hivi, kila kitu kimekubali. Na anaandika kama mtu mwenye hofu!

Kwa nini? Kwa sababu wanawe walikuwa hawakai vizuri. Sio kugombana kwa mapanga, ni yale ya kawaida tu ambayo hata wewe unayajua. Takamoto kaachiwa ukoo lakini anajiona mdogo mbele ya baba, anaandika barua za kujilaumu, na analalamika kwamba wadogo zake wakija Yoshida wanakaa kidogo tu wanawahi kurudi kwao, wanaongea wao wawili, yeye wanamweka pembeni. Wale wawili nao wana nyumba zao sasa, wana wazee wao wa kuwaridhisha, wana makaburi ya Kikkawa na Kobayakawa ya kuombea. Kiti kinamgeuza mtu anayekikalia, ndo tatizo alilolitengeneza Motonari mwenyewe.

Basi akawaandikia wote watatu barua moja yenye vipengele 14. Anasema jina la Mōri lilindwe hadi kizazi cha mwisho. Anasema Motoharu na Takakage wamerithi nyumba za watu, lakini hilo ni la muda tu, wasithubutu kulisahau jina la Mōri. Anasema mkifarakana hata kidogo jueni wote mmekwisha. Anawatajia mama yao, Myōkyū, aliyekuwa ameshafariki, kwamba wakielewana ndo watakuwa wamemwombea. Anakumbushia dada yao, aliyeolewa ukoo wa Shishido, asibaguliwe. Kisha anageuka anajitazama: anakiri kwamba ameua watu wengi na malipo yake lazima yatarudi kwenye uzao wake. Na anawahimiza kulitazama jua asubuhi na kusali, kama yeye anavyofanya tangu ana miaka 11. Hakuna mshale hata mmoja humo.

Na kuna kipengele ambacho nakuomba ukisome mara mbili kabla ya Desemba. Motonari alikuwa na watoto wengine, wadogo, wa wake wadogo. Kwenye barua anawaita watoto kama vijidudu. Anawaambia wale watatu: katika hawa vijidudu, akitokea mwenye akili timamu mhurumieni, mpeni kiardhi mbali huko, na akiwa mjinga, fanyeni mtakavyo. Basi. Barua maarufu kuliko zote Japani kuhusu umoja wa ndugu iliandikwa kwa watoto wa mama mmoja, na wale wa mama mwingine wamo humo kama wadudu.

Nakuja Sekigahara. Kobayakawa uliyemsikia ni Hideaki, na hapana, sio mjukuu wa Motonari, hana hata tone la damu yake. Ni mpwa wa mke wa Toyotomi Hideyoshi, yule aliyeitawala Japani baada ya Oda Nobunaga. Hideyoshi alimlea, kisha alipopata mtoto wake mwenyewe huyu akawa mzigo wa kutafutiwa mahali. Terumoto, mkuu wa Mōri, alikuwa bado hana mtoto, na inasimuliwa kwamba Takakage alinusa hatari ya kijana wa nje kupachikwa kwenye kiti cha Mōri, akawahi kusema mleteni kwangu mimi, 1594. Akajaza kiti chake ili kulinda cha kaka yake. Ona ule mchezo wa baba yake umerudi kupitia mlango wa nyuma! Takakage alifariki 1597, Hideaki akarithi, na 21 Oktoba 1600 akashuka kutoka mlima Matsuo akawapiga watu wa upande wake mwenyewe, Tokugawa Ieyasu, mkuu wa upande wa pili, akashinda. Miaka miwili baadaye Hideaki akafa, kijana wa miaka 20 tu, na nyumba ya Kobayakawa ikafungwa.

Lakini usimalizie hapo ukasema basi, mgeni ndo msaliti, damu ni damu. Siku hiyo hiyo kwenye mlima mwingine, Nangū, jeshi la Mōri lenyewe lilisimama bila kupigana kuanzia asubuhi hadi vita vikaisha. Aliyeziba njia mbele yao ni Kikkawa Hiroie, mtoto wa Motoharu, mjukuu wa Motonari wa damu kabisa, alishakubaliana kisiri na upande wa Ieyasu kwamba Mōri wakikaa kimya wataachiwa ardhi yao. Kamanda wa pale, binamu yake Hidemoto, alikuwa kijana, hajui afanyeje, na wenzao wakituma watu kuuliza mbona hamshuki, akajibu askari wanakula. Mpaka leo Wajapani wana msemo wa bento tupu la bwana Saishō, Saishō kikiwa cheo cha Hidemoto. Chakula cha mchana kisichokuwepo ndo kiliamua nusu ya vita.

Hiroie alisaliti au aliokoa? Mimi nimebadilisha mawazo mara kadhaa. Ieyasu aliposhinda alitaka kumnyang'anya Terumoto kila kitu na kumpa Hiroie majimbo mawili. Hiroie akakataa, akaomba hayo mawili apewe Terumoto, ukoo usife. Wakakubaliwa. Mōri wakashuka kutoka karibu koku milioni 1 na laki 2 (koku moja ni mchele wa kumlisha mtu mwaka) hadi kama 369,000, wakaiacha Hiroshima, mji ambao Terumoto mwenyewe aliuanzisha 1589, wakaenda kujibana Hagi pembeni ya bahari. Na shukrani aliyopata Hiroie? Uzao wake huko Iwakuni ulitazamwa kwa jicho baya miaka zaidi ya 260, hawakutambuliwa kama mabwana kamili hadi 1868. Kwa hiyo kuuliza mishale ilisaidia au haikusaidia, jibu linategemea unamwuliza nani ndani ya familia.

Na wale wadudu je? Mmoja wao aliitwa Motokiyo, mtoto wa nne, barua inaandikwa ana miaka 6 hivi. Naye alipewa kiti kingine, cha Hoida. Motokiyo ndiye baba wa Hidemoto, yule kijana wa bento, aliyeishia kuwa bwana wa Chōfu, tawi dogo la Mōri. Mwaka 1707 mstari wa Terumoto, mstari wa mke mkubwa, ulikatika, hakuna mtoto wa kiume. Wakaenda Chōfu wakaasili mtu, Yoshimoto, kitukuu wa Hidemoto. Kuanzia hapo mabwana wa Mōri ni uzao wa kijidudu, hadi kwa Takachika, ambaye watu wake, kina Itō Hirobumi (aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani) na wenzao, ndo walishiriki kuuangusha utawala wa Tokugawa, ule wa uzao wa Ieyasu, 1868.

Sasa kikao chako. Ukitaka kusimulia mishale, simulia, ila sema "kuna hadithi Wajapani wanaisimulia", usiseme "mzee fulani mwaka fulani alifanya", hapo hujasema uongo. Ukitaka kusimulia barua, fikiria mara tatu, kwa sababu mtu mmoja akiwa na intaneti kwenye simu atakipata kile kipengele cha wadudu papo hapo, na wa mama wa pili watajua wewe umekileta makusudi. Mimi ningekuwa wewe, nikiwa mtoto wa mke mkubwa, ningesimulia ya Motokiyo na 1707 na ningesema wazi kabisa Motonari alikosea wapi. Nikiwa wa mke mdogo ningekaa kimya, ningemwachia mtu wa upande wa pili aseme, maana ikitoka kwako itasikika kama kisasi. Hukuniambia wewe ni wa mama yupi.

Ila stori yoyote haigawi shamba. Kama hamjateua msimamizi wa mirathi, nendeni Mahakama ya Mwanzo mkafungue shauri, muwe na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na wa pande zote mbili. Kama kuna mtu ameshaanza kuuza au kuhamisha mipaka, msisubiri Desemba, tafuteni wakili au kituo cha msaada wa sheria wiki hii, na kama ni Waislamu mnataka mgawanyo wa kidini mkae na shehe anayeijua mirathi kwa kitabu, sio kwa kusikia. Hayo ni ya kwenda kwa miguu yako, hayatatuliki kwa kuandikiana. Na barua ya Motonari ukitaka siku moja kuisoma mwenyewe, hata kijapani cha leo hakitoshi, ni mwandiko wa kuunganisha ambao Wajapani wengi hawausomi, itabidi ukae darasani na mwalimu wa nyaraka za kale.

Nijulishe kikao kimeendaje. Na mwambie mdogo wako akichagua Kobayakawa kwenye gemu aangalie kwanza ni yupi.